Dyuali-spoti iliyokuwa inawaka kwa choki tu: kisa kizima, kuanzia breki mpaka tapeti

Pikipiki yenyewe ni dyuali-spoti, yaani ya lami na porini, ya cc 250, silinda moja, fostroki, inapozwa na hewa, kabureta ya kawaida, tairi la mbele inchi 21 na la nyuma 18, mbele diski nyuma dramu. Ilikaa bila kutembea zaidi ya miaka miwili, tanki likiwa na mafuta nusu. Aliyeinunua ni dogo wangu wa karibu, ana hamu kubwa ya kujifunza ufundi ila hajawahi kufungua injini, na aliponiita kuiangalia malalamiko yake yalikuwa matatu: inawaka kwa choki tu, ukirudisha choki inazima papo hapo, ukiongeza mafuta haraka inakohoa na kupiga makofi kwenye ekzosti, halafu ikishapata moto ukaizima, haiwaki tena mpaka ipoe kabisa.

Kabla sijafika alikuwa ameshanunua kabureta mpya ya kuigiza, plagi, na CDI (kile kisanduku cha umeme kinachoamuru cheche ya plagi). Vyote viko kwenye maboksi, anasubiri tu mtu wa kumshikia taa.

"Kaka, si tufunge tu hii kabureta mpya tumalize?"

"Subiri kwanza dogo. Tukiifunga na ikakaa sawa, utajua kilichokuwa kibovu ni nini?"

"Si kabureta?"

"Sehemu gani ya kabureta?"

Akanyamaza, na hapo ndo nikaamua kisa hiki nikiandike kirefu, maana naona watu wengi wanaoanza wanapita njia ileile. Shida haikuwa hela ya vifaa. Pikipiki iliyokaa muda mrefu huwa haina ugonjwa mmoja, ina vitu vinne vitano vidogo vimepandana, kila kimoja kinatoa dalili inayofanana na ya mwenzake, na ukibadilisha vitu viwili kwa siku moja unakuwa umefuta ushahidi. Ikiwaka hujui kwa nini imewaka, isipowaka hujui umeongeza tatizo gani jipya. Na kabureta ya kuigiza inakuja na jeti zake (vile vitundu vinavyopima mafuta) ambazo mara nyingi si saizi ya injini yako, kwa hiyo unaanza kutibu ugonjwa ambao pikipiki haikuwa nao. Nikamwomba maboksi yakae pembeni, tukakubaliana kitu kimoja kwa wakati mmoja, na kila tulichogusa akiandike kwenye daftari pamoja na jinsi kilivyokuwa kabla.

Niseme kidogo kwa nini nilifurahi kwamba amechagua aina hii. Yamaha walipoitoa DT-1 mwaka 1968 wazo lilikuwa pikipiki nyepesi ya kwenda popote, lami na porini, na tangu hapo mashine nyingi za familia hii zimebaki rahisi: silinda moja, fremu wazi, kila kitu unakiona na mkono unafika. Mashindano ya kwanza kabisa ya Paris-Dakar yaliyomalizika Januari 1979 mshindi wake alikuwa Cyril Neveu akiwa juu ya Yamaha XT500, nayo ni silinda moja inayopozwa na hewa na kuwashwa kwa kiki. Kwa anayeanza hii ni bahati, hakuna plastiki ishirini za kuvua ndo uione plagi, hakuna kompyuta ya kuuliza, dalili unaisikia kwa sikio na kwa mguu kwenye kiki.

Cha kwanza hatukugusa injini kabisa. Tulilinganisha namba ya fremu na ya injini na zilizo kwenye makaratasi (hili lifanywe kabla ya kulipa, kwa bahati zilikuwa sawa), halafu tukaenda kwenye breki. Najua inachosha, mtu anataka kusikia mlio, lakini ukianza na injini siku itakapowaka tu utapanda, hakuna mwanafunzi anayeweza kujizuia, na utakuwa umepanda kitu kisichosimama. Mkono wa breki ya mbele ulikuwa unaingia laini kama sponji na mafuta ya breki yamekuwa rangi ya chai. Mafuta ya DOT 3 na DOT 4 yanavuta unyevu kutoka hewani hata pikipiki ikiwa imelala, na unyevu ukishaingia kiwango cha kuchemka kinashuka sana: DOT 4 mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, ikishabeba maji kiwango chake cha chini ni 155. Ukishuka mlima mrefu umeshika breki, mafuta yakichemka yanatengeneza mvuke, mvuke unabanwa, mafuta hayabanwi, mkono unaingia mpaka mwisho na pikipiki inaendelea kwenda.

Tukavua kalipa, ile sehemu inayobana diski, pistoni moja ilikuwa imeganda kwa uchafu na kutu nyepesi ukingoni, tukaitoa kwa kuusukuma mkono wa breki taratibu, tukasafisha njia ya sili kwa uangalifu, sili mpya, pini za kutelezea zikapata grisi ya silikoni. Kwenye mpira wa breki usitumie petroli wala grisi ya kawaida, mpira unavimba na kalipa inabana tena baada ya muda mfupi. Safisha kwa mafuta ya breki yenyewe au dawa maalumu ya kusafishia breki. Unene wa diski tuliupima tukaulinganisha na ule wa mwisho uliogongwa kwenye diski yenyewe, bado ulikuwa na nafasi. Mafuta mapya tukatoa hewa kutoka kwenye nipo ya chini (kiskrubu cha kutolea hewa) mpaka mapovu yakaisha, kopo la juu halikuachwa liishe hata mara moja, na tanki tulilifunika kwa sababu mafuta ya breki yanakula rangi. Mkono ukawa mgumu. Nyuma dramu ilihitaji kufutwa vumbi tu na kukaza fimbo.

Matairi yalikuwa na meno mazuri, na hapo ndo watu hudanganyika. Ubavuni kuna tarakimu nne mwishoni mwa msimbo wa DOT, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, kwa hiyo 0911 maana yake wiki ya 9 ya mwaka 2011. Haya yalikuwa ya zamani, mpira umekuwa mgumu na nyufa ndogondogo kati ya meno. Yakabadilishwa pamoja na tyubu. Dogo alizipiga spoku kwa bisibisi moja moja, iliyokaza inalia wazi, iliyolegea inatoa mlio mfu, akapata chache za nyuma zimelegea.

Sasa injini. Betri kwanza maana ni rahisi: ikiwa imepumzika, volti 12.6 kwenda juu imejaa, chini ya 12 imekufa au inaelekea. Yake ilikuwa 11 na kitu na haikushika chaji, ikabadilishwa, na tulipoweza kuwasha tukapima tena kwenye betri tukiwa tumepandisha resi, ikasoma 14 na pointi kidogo. Chaji iko sawa, hilo tukalifunga. Oili ilimwagwa kabla ya kuwasha sana, ikawekwa yenye alama ya JASO MA (kiwango cha oili za pikipiki), kwa sababu klachi ya pikipiki hii inaoga kwenye oili ileile ya injini na baadhi ya oili za magari zina vilainishi vinavyofanya klachi iteleze. Bolti ya kumwagia oili inaingia kwenye aluminiamu, kaza kwa toki renchi na kwa kipimo cha kitabu, ukikaza kwa hasira unang'oa nyuzi na umejitengenezea kazi ambayo hukuwa nayo.

Halafu turudi kwenye dalili. Injini inayofanya kazi choki ikiwa imevutwa tu inakwambia waziwazi kwamba mchanganyiko ni mwepesi, yaani hewa nyingi mafuta machache, kwa sababu kazi ya choki ni kuongeza utajiri wa mafuta. Makofi kwenye ekzosti na plagi nyeupe kama chokaa yanasema hivyohivyo. Kwa hiyo swali si "kabureta ni mbovu?" Swali ni: mafuta yanapungua wapi au hewa ya ziada inaingia wapi? Hapo unapata orodha fupi ambayo unaweza kuipitia bila kununua chochote. Mafuta hayashuki vizuri kutoka tanki. Tundu la hewa la mfuniko wa tanki limeziba, tanki linavuta ombwe na mafuta yanagoma. Mpira unaounganisha kabureta na kichwa cha injini umepasuka. Bokisi la hewa limechezewa. Jeti ya chini imeziba.

Tulianza na yale ya nje. Mfuniko: injini ikianza kufa ufungue, ukisikia inafyonza na injini ikapata nguvu umeshampata mchawi. Haikuwa hivyo. Koki ya mafuta tulitoa mpira wa chini tukaweka chombo, mafuta yalitoka lakini kwa uvivu na yana rangi ya kahawia, dogo akaandika, tutarudi hapa. Ule mpira wa kabureta nilimwonyesha kupima kwa maji, injini ikiwa inaunguruma kwa shida na choki unapuliza ukungu wa maji kidogo kuzunguka maungio, mlio ukibadilika ghafla hewa inaingia hapo. Kuna watu wanapuliza dawa ya kabureta badala ya maji na inaonyesha vizuri zaidi, ila inawaka moto, juu ya ekzosti ya moto sitamshauri mtu anayeanza afanye hivyo. Mlio haukubadilika. Tulipouvua baadaye tukaukunja, hauna nyufa.

Bokisi la hewa ndo lilituchelewesha kwa faida. Mwenye pikipiki wa zamani alikuwa ametoboa matundu makubwa kwenye mfuniko wake na kuondoa ule mdomo wa kuvutia hewa, bila shaka kwa matumaini ya kupata nguvu, na chujio la sponji ndani lilikuwa limeoza, ukiligusa linamong'onyoka kama mkate mkavu na vipande vingine vimeshavutwa kuelekea kabureta. Hapa nina msimamo ambao siufichi: pikipiki ya mtumba irudishwe kwanza kama ilivyotoka kiwandani, mabadiliko yaje baadaye kama yana haja. Kuongeza hewa bila kubadilisha jeti ni kuipeleka injini kwenye mchanganyiko mwepesi, injini inayopozwa na hewa inapata joto zaidi, na anayeanza hana kipimo cha kulinganisha. Kitabu cha servisi kina namba za kiwandani tu. Ukirudi kwenye namba hizo kila kipimo unachochukua kina maana. Akapata mfuniko mwingine mzima na mdomo wake, sponji mpya akailoweka kwenye oili ya chujio na kuikamua vizuri.

Ikawaka afadhali kidogo, sauti imetulia ukiwa kwenye resi, ila choki bado ikawa lazima. Ndo maana nasema kitu kimoja kwa wakati mmoja, maana hapo tulishajua hewa ya bokisi ilichangia resi za juu, na tatizo la mlio wa chini, yaani injini ikiunguruma bila kuongezewa mafuta, ni la kwake peke yake. Mlio wa chini kwenye kabureta unahudumiwa na jeti ya chini na skrubu yake ya marekebisho, kwingine kote hakuhusiki sana. Sasa kulikuwa na sababu ya kufungua kabureta.

Na hapa mtu anayeanza anakutana na skrubu. Pikipiki nyingi za Japani, hasa za zamani, zina skrubu za msalaba za kipimo cha JIS (kiwango cha Kijapani), ambazo kwa macho zinafanana kabisa na za Phillips lakini pembe za ndani ni tofauti, bisibisi ya Phillips inapanda juu ukiizungusha kwa nguvu na inakula kichwa cha skrubu. Mara nyingi za JIS zina kidoti kidogo kichwani. Vichwa viwili kati ya vinne vya bakuli la floti vilikuwa vimeshaliwa na mtu wa kabla yetu. Tulitumia bisibisi ya JIS, dawa ya kulegeza ikakaa usiku kucha, na kile kilichogoma kabisa tulikigonga kwa bisibisi ya kugonga kwa pigo dogodogo. Baadaye akaweka skrubu za alen mpya zote nne. Kabla ya kufungua chochote ondoa waya hasi wa betri, fanya kazi penye hewa, na pasiwe na moto wowote karibu, mvuke wa petroli unatembea chini chini na kufika mbali kuliko unavyodhani.

Ndani ya bakuli kulikuwa na ute wa kijani na kahawia. Petroli ikikaa, sehemu zake nyepesi zinaruka na kinachobaki kinaganda kama vanishi, na kinaganda vibaya zaidi kwenye tundu dogo kuliko yote. Jeti ya chini ya injini ya aina hii ina tundu la kama milimita 0.4 hivi. Nilimwambia ailenge kwenye mwanga na asinieleze chochote mpaka awe na uhakika. Hakuona nuru. Akailinganisha na jeti kubwa, ile nuru inaonekana duara safi. Uso wake ulibadilika, na kwangu hiyo ilikuwa na thamani kuliko kabureta mpya, kwa sababu tangu siku hiyo anaijua jeti ya chini kwa kuiona kwa macho yake.

Kuisafisha kuna namna. Waya wa chuma unapanua tundu la shaba na jeti inakuwa saizi nyingine bila wewe kujua, kwa hiyo tulitumia dawa, kuloweka, uzi mmoja laini wa nailoni, na hewa ya presha. Njia zote za kwenye mwili wa kabureta zikapulizwa mpaka dawa ilipotoka upande wa pili, maana jeti inaweza kuwa safi na njia yake imeziba. Ile skrubu ya marekebisho, kabla ya kuitoa izungushe kwenda ndani taratibu mpaka iguse ukihesabu mizunguko, andika, ndo utoe. Ina springi, washa ndogo na oringi ndogo sana chini yake, na ile oringi inapenda kubaki ndani ya tundu ukadhani haipo, halafu ukiweka nyingine juu yake marekebisho hayatakaa kamwe. Kwenye kabureta hii skrubu iko upande wa injini, kwa hiyo inaongoza mafuta, ukiitoa nje unaongeza mafuta. Zile zenye skrubu upande wa bokisi la hewa huwa zinaongoza hewa na mambo yanakuwa kinyume. Kiwambo cha mpira cha juu tulikiangalia kwenye mwanga kama kina tundu, kizima. Urefu wa floti ukapimwa kwa rula kulingana na kitabu.

Ikafungwa, mafuta mapya yakawekwa kwenye chupa ndogo ya kuning'iniza badala ya tanki, kwa sababu tanki lilikuwa bado mtuhumiwa. Choki, stata, ikashika. Baada ya kupata joto akarudisha choki taratibu na injini ikabaki inaunguruma. Skrubu ikaishia kwenye mizunguko miwili na kidogo kutoka ndani. Makofi yakaisha.

Watu wengi hapa wangefunga kesi na kwenda barabarani. Lakini malalamiko yalikuwa matatu, na la tatu lilikuwa palepale: tuliizima ikiwa moto, stata inazungusha vizuri, haiwaki. Dogo akaliangalia boksi la CDI, na safari hii hakuwa anabahatisha, kifaa cha umeme kinachokufa kikipata moto kipo kweli, koili (inayozalisha umeme wa cheche) na pikapu (kihisi kinachoiambia CDI lini itoe cheche) vinaweza kukatika joto likipanda. Kwa hiyo tukauliza injini yenyewe. Ikiwa moto na imegoma, tukatoa plagi, tukaweka nyingine kwenye kofia, tukaishikisha kwenye chuma cha injini mbali na tundu la plagi, tukazungusha. Cheche ya bluu, imara. CDI ikarudi kwenye boksi lake, na hiyo ni kazi ya dakika chache iliyookoa kubadilisha kifaa kizima.

Kuna cheche, kuna mafuta, inabaki kompresheni. Na mguu ulikuwa umeshatuambia ila hatukuusikiliza kwa makini: kiki ikiwa ya baridi inarudisha nguvu vizuri, ikiwa ya moto inashuka kirahisi. Kipimo cha kompresheni hatukukitegemea sana kwa sababu injini nyingi za hivi zina kifaa cha kupunguza kompresheni wakati wa kuwasha, kinafungua valvu kidogo na namba inasoma ndogo kuliko ukweli. Tukaenda kwenye tapeti, yaani ile nafasi ndogo kati ya roka na valvu.

Kupima tapeti kunaogopwa bure. Injini iwe baridi kabisa, imelala usiku. Toa plagi izunguke kirahisi, fungua vifuniko viwili vya juu na vile viwili vya ubavuni, zungusha injini kwa soketi kufuata mwelekeo wake wa kawaida mpaka alama ya T ionekane kwenye kitundu. Hapo pistoni iko juu, lakini pistoni inafika juu mara mbili kwenye mzunguko mmoja kamili wa fostroki, na ni mara moja tu ambapo valvu zote zimefungwa. Shika roka (vile vimikono vinavyosukuma valvu) kwa vidole, zikiwa na mchezo kidogo uko mahali sahihi, kama zimebana zungusha raundi moja kamili na ujaribu tena. Shida ya pikipiki hii ilijitokeza hapohapo, kwa sababu roka ya upande wa kutolea moshi haikuwa na mchezo. Tukadhani tumekosea raundi, tukarudia, upande wa kuingiza ukawa huru na wa kutolea umebana vilevile. Injini nyingi za aina hii zinataka nafasi ya kama milimita 0.05 hadi 0.10 upande wa kuingiza na 0.08 hadi 0.15 upande wa kutolea, namba kamili iko kwenye kitabu cha modeli yako. Kwetu karatasi ya chuma ya 0.05 haikuingia kabisa upande wa kutolea.

Maelezo ya dalili ya tatu yakakaa yenyewe. Valvu inakaa kwenye kiti chake na kadiri miaka inavyokwenda inazama ndani kidogo kidogo, nafasi inapungua mpaka inaisha. Injini ikiwa baridi valvu bado inafunga kwa tabu, ikipata moto shina linarefuka, linasukumwa na roka na valvu inabaki wazi unywele tu, kompresheni inavuja, haiwaki mpaka chuma kisinyae. Na kinachonifanya nilisisitize hili kwa kila mtu anayeanza ni kwamba tapeti zilizobana hazipigi kelele. Zilizolegea zinagonga tik tik tik na mtu anakimbilia fundi, zilizobana zinakaa kimya na pikipiki inasifiwa kwamba "injini yake imetulia", wakati valvu ya kutolea inategemea kugusa kiti chake ili ipeleke joto kwenye kichwa, na isipogusa inaungua.

Kulegeza nati, kurekebisha skrubu mpaka karatasi ipite kwa mkwaruzo mdogo, kushikilia skrubu isizunguke wakati wa kukaza nati, halafu kupima tena kwa sababu kukaza kunahamisha kipimo karibu kila mara. Dogo alifanya mwenyewe, akarudia mpaka vidole vikakubali. Jioni ikawaka ikiwa moto, ikazimwa, ikawaka tena.

Tanki tulilibakiza mwisho na karibu lituharibie yote, maana hamu ilikuwa kubwa akalirudisha juu akitegemea kichujio kidogo cha kwenye mpira, na baada ya muda mfupi mlio wa chini ukaanza kuyumba tena. Kwa kuwa alikuwa ameandika "mafuta ya kahawia, yanatoka kwa uvivu" kwenye ukurasa wa kwanza, hakuifungua kabureta kwa hasira. Alifungua koki, wavu wa ndani umejaa unga wa kutu. Tukaliloweka tanki kwa asidi ya sitriki na maji ya moto, tukalitikisa na vipande vya cheni ndani, tukasuuza kwa maji yenye baking soda kuua asidi, tukalikausha haraka kwa hewa na kulipaka petroli yenye oili kidogo ndani siku hiyohiyo, kwa sababu chuma kilichotoka kwenye asidi kinashika kutu mpya ndani ya saa chache. Koki ikapata wavu mpya. Kabureta ilisafishwa mara moja zaidi, mara hii alifanya peke yake nami nimekaa pembeni.

Cheni nilitaja haraka tu kwa sababu moja. Suspensheni ya dyuali-spoti inasafiri mbali, na mkono wa nyuma ukipanda cheni inakaza zaidi pale ekseli, pivoti ya mkono na sproketi ya mbele zinapokuwa kwenye mstari mmoja. Anayetoka kwenye pikipiki ya mjini anaikaza ikiwa imesimama mpaka inapendeza macho, halafu kwenye shimo la kwanza inavuta beringi ya sproketi ya mbele. Yake ilikuwa imekazwa hivyo, ikalegezwa mpaka kipimo cha kitabu, ambacho kwa mashine hizi ni sentimita tatu na nusu mpaka tano hivi.

Sasa hivi inawaka baridi kwa choki sekunde chache, moto bila choki, na anapanda nayo kwenye njia za vumbi za karibu. Sili ya foku ya kushoto inavuja kidogo, na usukani una kigugumizi katikati ukiinua gurudumu la mbele, beringi za shingo zimepata alama, hizo ndo kazi zinazofuata. Kabureta mpya na CDI bado viko kwenye maboksi na nimemwambia aone kama muuzaji atavipokea. Tapeti tutazipima tena baada ya kilomita 500. Kama nafasi ya upande wa kutolea itakuwa ileile, valvu imesalimika. Kama itakuwa imepungua tena kwa umbali mfupi hivyo, basi kiti au valvu yenyewe imeshaungua na kichwa kitabidi kishuke, na amesema akishushe yeye.